Kutwa ya Saa Nne na Robo

Nilipokuwa mdogo, pale Ngamiani, Tanga, nikishikwa na homa mama alinipeleka duka la dawa, na muuzaji aliandika juu ya bahasha ya vidonge kwa kalamu ya wino: 2 x 3. Kisha alitamka, ili mama asije akakosea: "Viwili, kutwa mara tatu." Sikuwahi kuuliza kutwa ni muda gani. Hakuna mtoto wa Tanga anayeuliza. Kunakucha kwenye saa kumi na mbili, kunakuchwa kwenye saa kumi na mbili, na kilichomo katikati ndiyo kutwa. Desemba na Juni zinapishana kwa dakika zisizofika arobaini. Mtu asiyefuata kalenda ya swala anaweza kuishi miaka sabini bila kulitambua hilo.

Sasa ninaishi Umeå, kaskazini mwa Sweden, karibu na nyuzi 64 za latitudo. Wiki ya tarehe 21 Desemba jua la hapa linachomoza kama saa tatu na nusu asubuhi na kuzama saa nane kasoro robo mchana. Kutwa nzima ni saa nne na robo. Na hata katika saa hizo jua halipandi. Adhuhuri halifiki nyuzi tatu juu ya ukingo wa dunia. Linapita nyuma ya misonobari kama mtu anayekatiza uani bila kupiga hodi. Siku ya mawingu hulioni kabisa.

Nimeishi na taa ya tiba, yaani taa ya mezani yenye mwanga mkali, kwa majira sita ya baridi. Nataka kueleza inafanya nini, kwa sababu kila mwaka, ikifika Novemba, napigiwa simu na mtu wetu fulani aliyehamia huku, na sauti yake naijua kabla hajamaliza salamu.

Mimi nilifika mwezi Agosti, kusoma shahada ya uzamili. Agosti ya Umeå ni tamu. Saa tatu usiku anga bado jeupe, watu wako kando ya mto na watoto wao. Sikumwuliza mtu yeyote mwanga huu unaelekea wapi. Oktoba nikaanza kulala. Sisemi kuchoka, nasema kulala: muda wa saa kumi, hata saa kumi na moja, naamka mwili mzito kama gunia lililonyeshewa, naswali, narudi kitandani. Nikaanza kula mkate, wali, tambi, tena usiku, tena peke yangu. Ukurasa mmoja wa kitabu niliusoma mara tatu na sikubaki na neno. Kitu ninachokikumbuka zaidi ya vyote ni beseni la nguo. Niliziloweka Jumatatu nikikusudia kuzifua baada ya chai. Zikakaa hadi Alhamisi, zikaanza kunuka, nami nimekaa ukingoni mwa beseni nalia, sijui nalilia nini.

Mama alisikia kwenye simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sauti yako imelala. Kuna mtu amekuudhi?"

"Hapana mama. Baridi tu."

"Basi usiache swala. Na usome Ayatul Kursi kabla ya kulala."

Swala sikuiacha, ila ilikuwa inanikimbia. Siku moja niliingia maabara saa tano asubuhi. Niliponyanyua kichwa saa nane mchana, adhuhuri ilikuwa imeingia, alasiri imeifuata nyuma yake, na magharibi imeshafika. Swala tatu zimeingia nikiwa kwenye kiti kimoja. Nilisimama dirishani nikatazama lile giza la saa nane mchana, nikahisi kwamba kitu ninachokitumia kuhesabia maisha yangu kimekatika.

Katika kituo cha afya nilichokwenda mara ya kwanza niliambiwa ni upweke wa ugenini: ninywe maji, nitoke nje, nitafute marafiki. Nilitoka pale nikiamini kwamba mimi ni mvivu na nimegunduliwa. Lilinichukua muda kusamehe dakika zile kumi na tano, kwa sababu kama nisingekuwa na mtu mwingine wa kuniuliza, ningeendelea kuliamini.

Mtu huyo alikuwa dada mmoja wa Bukavu, anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Alikuja kwangu Januari na mfuko wa plastiki, ndani yake mna kibao cheupe ukubwa wa sinia la chai. Alikisimamisha mezani, akachomeka waya, jiko lote likawa jeupe. "Si wewe, dada," aliniambia. "Ni giza." Yeye alikuwa amekaa huku miaka tisa na alikuwa akitumia taa kama hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nilimtazama kwa shaka. Taa? Huzuni inatibiwa kwa taa?

Ningependa kila Mwafrika anayehamia kaskazini alijue jina la Norman Rosenthal. Ni daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Johannesburg, akahamia New York mwaka 1976. Majira ya baridi yalipofika alijikuta nguvu zimemwishia, kazi zinamlemea, na ilipofika masika akarudi kuwa yule yule wa zamani. Johannesburg nayo ina baridi yake, lakini ni baridi yenye jua. Baadaye alikwenda kwenye taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, na mwaka 1984 yeye na wenzake wakachapisha maelezo ya wagonjwa 29 ambao kila mwaka, siku zikifupika, walilala mno, walikula mno, hasa vyakula vya wanga, walijitenga na watu, kisha wakapona siku zikirefuka. Wakaupa ugonjwa huo jina, sonona ya majira, na wakajaribu kuutibu kwa mwanga mkali. Mara ya kwanza niliposoma hayo nililiona beseni langu la nguo. Na nilipojua kwamba aliyelisema jambo hili kwa sauti ni mtoto wa Afrika aliyeonja giza la watu akiwa mtu mzima, aibu yangu ilipungua nusu.

Nyuma yake kulikuwa na ugunduzi mwingine. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba mwanga mkali ukimulika macho ya binadamu usiku unakata melatonini, homoni ambayo mwili huimwaga gizani. Kabla ya hapo wengi walidhani binadamu hatuguswi na mwanga kwa namna hiyo, kwa sababu walijaribu kwa taa za kawaida. Mwanga hupimwa kwa luksi. Luksi 500 hazikutosha. Luksi 2,500 zilifanya kazi.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa, kwa sababu jicho linatudanganya kuhusu mwanga. Mshumaa mmoja kwa umbali wa mita moja hutoa kama luksi moja. Sebule yenye taa nzuri jioni mara nyingi haifiki luksi 100. Ofisi yenye taa za dari ina luksi 300 hadi 500, nasi tunasema inang'aa. Nje, hata chini ya mawingu mazito, mchana wa kawaida unapita luksi 1,000 na mara nyingi unafika maelfu kadhaa. Jua la utosini pale Raskazone, pwani ya Tanga, bahari ikimetameta, linakaribia luksi 100,000. Mimi nilikulia ndani ya laki moja, nikaja kukaa ndani ya mia tatu, na sikujua kuna kilichobadilika ila koti.

Mwanga huo haufanyi kazi kwa kutufanya tuone. Kwenye retina, nyuma ya jicho, mna chembe chache ambazo kazi yake si sura wala rangi. Zilielezwa vizuri mwaka 2002. Zina kemikali yake inayoitwa melanopsini, zinapima tu kama kumekucha, kisha zinapeleka habari kwenye kituo kidogo ndani ya ubongo, juu kidogo ya njiapanda ya mishipa ya macho. Kituo hicho ndicho saa ya mwili. Kwa watu wengi saa hiyo huzunguka kwa zaidi kidogo ya saa 24, kwa hiyo kila asubuhi inahitaji kurudishwa, na kinachoirudisha ni mwanga mkali wa alfajiri. Ukikosekana, saa inachelewa: mtu ameamka, anatembea, anasalimiana na watu kituoni, lakini ndani ya mwili bado ni usiku wa manane. Hayo ni mojawapo ya maelezo yenye nguvu ya kwa nini giza linaangusha watu.

Sisi Waswahili tungepaswa kulielewa hili kuliko wote. Saa yetu inahesabiwa kutoka kwenye jua. Saa moja ni saa moja tangu kuche, na saa sita jua liko utosini. Wenyeji wa huku wanahesabu kutoka katikati ya usiku, namba iliyokubaliwa tu, na namba hiyo haijali jua likija au lisipokuja. Mwili, kumbe, unahesabu kama sisi. Unasubiri kukuche ndipo uanze moja. Nilipoliona hivyo niliacha kuitazama taa kama kifaa cha kufurahisha moyo. Ile ni alfajiri, na alfajiri ina wakati wake.

Wakati wake ndio nilioukosea. Majira ya pili ya baridi nilinunua taa yangu mwenyewe, kwa bei ya viatu vizuri vya theluji, nikaiweka sebuleni karibu na kochi. Nikaiwasha nikirudi jioni, kwa sababu jioni ndipo nilipokuwa na nafasi na ndipo nilipokuwa na huzuni. Wiki nzima sikupata usingizi hadi saa nane usiku. Nilikuwa nauambia ubongo kwamba kumekucha saa mbili za usiku, nao ukanitii. Isitoshe niliiweka umbali wa mita moja na nusu. Sanduku lilisema luksi 10,000, lakini chini, kwa herufi ndogo, liliandika kwamba hizo ni kwa sentimita 30. Mwanga unapungua haraka mno kadiri unavyosogea mbali; pale kochini nilikuwa napata sehemu ndogo tu ya nilicholipia.

Sasa ninafanya hivi. Naamka saa kumi na mbili na nusu, naswali, naweka maji ya chai. Saa moja kasoro robo nakaa mezani, taa iko mbele yangu upande wa kushoto, juu kidogo ya usawa wa macho, karibu kiasi cha mkono uliokunjwa. Siitazami. Macho yako wazi, nasoma au nakula, na mwanga unaingia kwa pembeni. Nusu saa, kila siku, kuanzia katikati ya Septemba, kabla mwili haujaanza kuteleza. Nusu saa ni kwa taa ya luksi 10,000. Ile ya 2,500 inataka saa mbili hivi, na sijui mtu gani mwenye kazi na watoto ana saa mbili za kukaa asubuhi. Siku tatu za mwanzo kichwa huniuma kidogo na macho huchoka, kisha inapita. Wengi huona nafuu ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Kwangu ilikuwa siku ya nane: nilifua nguo siku ile ile nilipoziloweka.

Nilirudi kwa daktari pia, kituo kingine, na huyu aliuliza maswali yaliyostahili kuulizwa. Aliuliza kama mimi au ndugu yangu wa damu amewahi kupanda juu kupita kiasi, siku nyingi bila kulala, maneno mengi, pesa zinamwagika, kwa sababu mwenye ugonjwa wa namna hiyo mwanga mkali unaweza kumrusha huko na asiuguse bila daktari wake. Aliuliza kuhusu macho yangu na kuhusu dawa ninazomeza, maana ziko dawa zinazofanya macho na ngozi visistahimili mwanga. Akasisitiza taa iwe imechujwa mionzi ya urujuanimno. Na akaniuliza, bila kuzunguka, kama nimewahi kufikiria kufa. Nasema hivyo hivyo kwa wanaonipigia: ukifika hapo, hiyo si kazi ya taa, ni hospitali, leo, na ukiogopa kwenda peke yako nitakusindikiza.

Watu wetu huniuliza kama taa inafanya kazi kwenye ngozi nyeusi. Inafanya, kwa sababu inaingilia machoni na ngozi haihusiki. Kinachohusu ngozi ni vitamini D, na hilo ni jambo jingine kabisa. Ngozi yetu inahitaji jua zaidi kuitengeneza, na huku miezi ya baridi jua hilo halipo kwa mtu yeyote, mweupe wala mweusi. Taa haitoi vitamini D hata tone. Pimwa damu, umeze ukielekezwa, na usichanganye mambo mawili.

Je, ina ushahidi? Mwaka 2006 watafiti wa Kanada walichukua wagonjwa 96, nusu wakapewa mwanga wa luksi 10,000 na kidonge kisicho na dawa, nusu wakapewa dawa ya sonona na mwanga hafifu. Baada ya wiki nane, asilimia 67 ya kila upande walikuwa wamepata nafuu ya kweli. Mwaka uliofuata taasisi ya Sweden inayopima ushahidi wa matibabu ilisema tafiti zilizopo hazitoshi. Sikasiriki nayo. Ni vigumu kumpa mtu mwanga wa uongo. Ukimwekea taa hafifu anaiona. Na yako matibabu mengine: utafiti uliotoka Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliofundishwa na mtaalamu namna ya kuyashika mawazo yao ya majira ya baridi waliorudiwa na ugonjwa, baridi mbili baadaye, walikuwa wachache kuliko wale waliotumia taa. Mimi nilifanya yote mawili. Lakini sitamwacha mtu amwambie dada aliyelala saa kumi na moja kwamba asubiri wanasayansi wapatane, wakati kuna kitu kilicho salama kwa walio wengi kinachochomekwa ukutani.

Mji wenyewe unalijua giza lake. Mwaka 2012 kampuni ya nishati ya Umeå iliweka taa kali za tiba kwenye vituo vya basi, ili watu wanaosubiri asubuhi wapate angalau dakika chache za mwanga. Mimi sikuwapo, nimesimuliwa, na kila nikisimama kituoni nafikiria watu wale waliogeuza nyuso kuelekea taa zile kama alizeti. Kutoka mwishoni mwa Novemba kila dirisha lina kinara cha mishumaa saba ya umeme na nyota ya karatasi, na tarehe 13 Desemba wasichana wanapita wamevaa kanzu nyeupe, mmoja wao ana taji la mishumaa kichwani, wakiimba. Naipenda siku hiyo. Mwanga wake hauwezi kuirudisha saa ya mwili, lakini watu waliokaa pamoja gizani wakiimba wamefanya kitu ambacho taa yangu ya mezani haiwezi.

Sisi tunakaa gizani kila mtu kivyake. Hilo ndilo linaloniuma. Kwenye harusi na arobaini zetu za huku tunaulizana habari za vibali vya kuishi, kazi, watoto, na tunajibu "salama, alhamdulillahi", halafu tunarudi kulala saa kumi na moja. Kuna mama mmoja, namheshimu sana, aliyekaa miaka mitatu akiamini amefanyiwa jambo na mawifi, kwa kuwa uzito ulimjia kila mwaka mwezi ule ule aliohama kwao. Mwezi ule ule. Novemba. Nilipomwonyesha kalenda ya jua, macheo na machweo ya kila wiki, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza taa inauzwa wapi. Sikumwambia neno kuhusu mawifi. Hilo ni lake. Lakini alianza Septemba iliyofuata, na Desemba alinipigia mwenyewe kuniambia ameoka mkate wa kumimina, niende.

Mwisho wa Januari siku inafika karibu saa saba. Theluji inarudisha mwanga kutoka chini, na nikiweza natoka mchana hata kwa dakika ishirini, kwa sababu hata mawingu ya Januari yanashinda balbu yoyote ya dari. Februari jua linagusa ukuta wa jiko langu, kipande kidogo juu ya jokofu. Kila mwaka nakiwekea alama ya penseli.

Halafu inakuja tarehe 20 Machi. Kwa siku chache tu, usiku na mchana vinalingana dunia nzima, na jua la Umeå linachomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili. Kabla halijaanza kukimbilia upande mwingine, hadi Juni lizame karibu saa tano usiku, linapita pale pale lilipo la kwetu. Mwaka huu jioni hiyo nilikuwa kwenye simu na mama. Kwake ilikuwa imeshapita isha, nasikia pangaboi na sauti za watoto wa dada yangu.

"Mama, magharibi inaingia sasa hivi huku. Tizama saa yangu."

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili."

Alinyamaza kidogo. Najua alikuwa anahesabu, kwa sababu baridi zote sita amenisikia nikimtajia magharibi za saa nane mchana.

"Basi kaswali," alisema. "Halafu unipigie, unisomee hiyo sauti yako vizuri. Leo imeamka."